Dodoma inahitaji watu wanaojua kuongea bila mnara

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, watu walipotoka ibadani, kibanda changu cha ufundi hapa Kikuyu kilijaa simu nzima. Kila mteja aliamini yake imekufa. "Fundi, hebu niangalizie, tangu asubuhi haifungui kitu." Sikufungua hata moja. Nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika huko kati ya Afrika Kusini na Msumbiji, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, yetu ikiwemo, zikasuasua kwa siku kadhaa.

Safari ile kupiga simu kuliendelea, na ujumbe mfupi ulikuwa unakwenda. Lakini tangu hapo nina hoja ambayo namwambia kila anayekaa kwenye benchi langu, na leo naiandika. Siku mnara utakaponyamaza kabisa, Dodoma iwe na watu wanaoweza kuita Kondoa, Mpwapwa au Singida kwa mitambo yao wenyewe, wakajibiwa. Watu hao hawaokotwi siku ya msiba. Wanalelewa taratibu kwenye klabu ya redio ya ridhaa, na mimi nasema wakazi wa mji huu, mafundi, wanafunzi, wastaafu, akina mama wenye vikundi vyao, tuingie humo sasa.

Kwa asiyeifahamu, redio ya ridhaa ni huduma inayotambuliwa na kanuni za kimataifa na iliyotengewa vipande vyake vya masafa. Raia mwenye leseni huruhusiwa kurusha na kupokea kwa ajili ya kujifunza, kuwasiliana na kufanya majaribio ya kiufundi, pasipo kutafuta fedha. Umoja wake wa dunia, IARU, ulianzishwa Paris mwezi Aprili 1925. Hapa nchini leseni iko mikononi mwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, chama cha kitaifa ni Tanzania Amateur Radio Club, na vituo vyetu hutambulika duniani kwa alama ya wito inayoanza na 5H. Wala si jambo la juzi: kabla ya Uhuru vituo vya Tanganyika vilijitambulisha kwa VQ3, vya Kenya VQ4, vya Uganda VQ5, na vya Zanzibar VQ1.

Sisi wa Kikuyu tuko wachache. Yupo mzee mmoja mstaafu wa mawasiliano ya reli, ambaye ndiye mwenye leseni. Yupo mwalimu wa fizikia, wapo vijana wanaosomea uhandisi wa mawasiliano, yupo kijana anayefunga madishi, nami fundi redio. Tunakutana Jumamosi jioni uani kwa mzee. Anayebonyeza kitufe cha kurusha ni yeye peke yake. Sisi wengine tunasikiliza, tunaandika, tunavuta nyaya na kujiandaa kwa leseni zetu. Wanafunzi wanamwamkia "Shikamoo mzee" wakiingia getini, lakini akishaketi mbele ya mtambo wanamwuliza maswali makali ya hesabu, naye anayafurahia.

Antena yetu ni waya wa shaba uliokatwa vipande viwili, kila kimoja kama mita 10, umefungwa kutoka mwarobaini hadi nguzo ya chuma kwenye kona ya ukuta. Jumla mita 20. Kipimo hicho hakikuotwa: gawanya 143 kwa masafa unayotaka katika megahezi, utapata urefu wa waya katika mita. Kwa megahezi 7.1 jibu ni 20 na kitu kidogo. Kijana wa madishi alipoiona hesabu hiyo ikitoka kwenye karatasi ikawa waya, na waya ukaleta sauti ya mtu wa Kenya akitaja 5Z4 yake, aliomba kalamu akaandika kanuni ile kwenye kiganja.

Sasa nieleze jambo ambalo naona ndilo kiini cha hoja kwa sisi wa uwanda wa kati. Waya ule tumeufunga chini makusudi, kama mita nne tu kutoka ardhini. Ukifungwa hivyo, mawimbi mengi hayakimbilii mbali. Yanapanda moja kwa moja hadi kwenye tabaka la angani lenye chaji za umeme, kiasi cha kilomita 300 juu yetu, kisha yanarudi chini na kutawanyika eneo lote linalotuzunguka, kama mtama unaorushwa juu ukaangukia ungo ule ule. Vilima havina cha kuzuia, maana wimbi linashuka kutoka juu. Chukua ramani upime kwa rula: Mpwapwa, Kondoa, Singida, Iringa na Katesh, zote ziko ndani ya kilomita 200 kutoka Dodoma mjini kwa mstari ulionyooka. Redio ndogo ya mkononi haifiki huko, kwa sababu milima ya Mpwapwa na miinuko ya Kondoa inakaa katikati. Waya wa mita 20, betri ya gari na mtambo wa wati 100 vinafika mchana, bila mnara, bila umeme wa gridi, bila vocha.

Nimeitaja Katesh kwa sababu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikafunika sehemu za mji ule na vijiji vya jirani, na watu wengi wakapoteza maisha. Nimeitaja Mpwapwa kwa sababu pia: mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 zilibomoa reli ya kati kwenye kipande cha Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi. Bukoba walitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9 tarehe 10 Septemba 2016, na sisi wa Dodoma, tunaokaa juu ya nyufa za Bonde la Ufa, tunajua vizuri vyombo vinavyogongana kabatini usiku. Sisemi kwamba redio ingezuia lolote kati ya hayo. Ninachosema ni kwamba saa za kwanza baada ya janga ni saa za kuuliza nani yuko wapi, njia ipi inapitika, dawa gani imekwisha. Mji ambao una watu kumi wenye mazoezi ya kupeleka maswali hayo hewani unaanza uokoaji ukiwa mbele.

Mfano ninaourudia mara nyingi ni wa visiwa vya Andaman, India. Desemba 2004 timu ya National Institute of Amateur Radio ya Hyderabad ilipata ruhusa ya kurusha kutoka Port Blair, ruhusa iliyosubiriwa kwa miaka mingi kwa sababu visiwa vile vina ulinzi mkali. Aliyeongoza ni mwanamke, Bharathi Prasad, akitumia alama VU4RBI. Walikwenda kwa burudani tu: waendesha redio wa dunia nzima walikuwa na hamu ya kuongea na mahali ambapo hapakuwa na kituo. Asubuhi ya tarehe 26 Desemba likaja tetemeko, kisha tsunami. Simu zikakatika. Watu wale wakaacha salamu za burudani, wakageuza mitambo yao kuwa kiungo kati ya visiwa na bara, wakipeleka majina ya walio hai kwa ndugu waliokuwa wakilia upande wa pili wa bahari.

Hebu tuliangalie tukio hilo kwa makini. Mitambo haikuletwa na ndege ya misaada. Antena zilikuwa zimeshasimama, masafa yalikuwa yameshazoeleka, na mikono ya waendeshaji ilikuwa na joto la wiki kadhaa za kazi. Na ruhusa ilikuwa mezani kabla ya wimbi kufika. Kama karatasi ile ingecheleweshwa kwa mwezi mmoja, pale Port Blair pasingekuwa na mtu.

Ndiyo maana sikubali mtu anaponiambia, "Fundi, redio zitanunuliwa na ofisi ya maafa, inatosha." Redio zikinunuliwa nitashukuru sana. Lakini mtambo wa masafa mafupi si simu ya kubonyeza jina. Lazima ujue kwamba megahezi 7 ni za mchana kwa jirani, kwamba usiku masafa hayo hayo yanakupeleka mbali na jirani anapotea, kwamba megahezi 14 jioni zinafungua Ulaya. Lazima ujue jua liko katika hali gani, maana nguvu ya tabaka lile la angani hutegemea madoa ya jua, ambayo hupanda na kushuka kwa mzunguko wa karibu miaka 11. Mwaka 2024 yalikuwa kileleni. Mtu aliyefundishwa semina ya siku mbili hawezi kuyashika haya. Aliyekaa kila Jumamosi akisikiliza anayajua kama anavyojua njia ya nyumbani kwake.

Kuna zoezi tunalofanya ambalo ningependa kila mkuu wa shule aje alione. Mmoja anakaa nyuma ya ukuta na karatasi yenye ujumbe, mwingine upande huu na daftari, na katikati tunaweka redio iliyofunguliwa sauti kwenye masafa matupu ili ijaze ua kwa mikwaruzo. Ujumbe unasomwa: idadi ya majeruhi, jina la mahali, kinachohitajika, saa. Jioni ya kwanza msichana mmoja wa chuo aliandika Msalato mahali palipotajwa Msagali. Kwa asiye mwenyeji, Msalato iko upande wa kaskazini wa mji, kwenye barabara ya Kondoa. Msagali iko kusini mashariki, kwenye reli, wilaya ya Mpwapwa. Gari la wagonjwa lingekwenda kinyume. Tangu hapo kila jina linatajwa herufi kwa herufi kwa alfabeti ya kimataifa, Mike, Sierra, Alfa, Golf, na msikilizaji analirudisha lote kabla ya kuandika "nimepokea". Sasa binti huyo huyo ndiye mkali kuliko wote. Ukimtajia "kama watu ishirini hivi" anakukatisha: ishirini au si ishirini?

Hicho ndicho klabu inachotoa na ambacho huwezi kukinunua dukani Majengo. Mtu peke yake na redio yake anaweza kuwa hodari wa mambo mengi, lakini hana wa kumrudishia ujumbe ukutani akamwambia umekosea. Tena kuna gharama. Mtambo mpya wa masafa mafupi unakaribia bei ya bodaboda mpya. Kijana wa chuo hawezi, na fundi kama mimi siwezi kumwambia mke wangu fedha ya ada imekwenda kwenye redio. Wakiwa watu kumi na watano, mtambo mmoja unawatosha wote kujifunzia.

Na kuna njia ya kujenga, ambayo ndiyo inanikosesha usingizi kwa furaha. Mhandisi wa India, Ashhar Farhan, aliubuni mtambo uitwao BITX kwa vipuri vinavyopatikana kwenye maduka ya kawaida ya nchi yake, na kwa mirija ya koili akatumia washa za bomba la maji. Washa za bomba! Mimi nina kopo zima la transista zilizotolewa kwenye redio na televisheni za miaka iliyopita. Nimezitunza nikijua siku yake itafika. Mafundi wenzangu wa mji huu wana makopo kama hayo chini ya meza zao. Vijana wa chuo wana hesabu za saketi ambazo mimi sikupata kusoma, na mimi nina mkono wa kulehemu ambao maabara haiwezi kuwapa kwa muhula mmoja. Nje ya klabu hatukutani popote. Wao wako Ndaki ya Informatics kule UDOM, au hapa St John's kwenye majengo yaliyokuwa Mazengo Sekondari, au VETA. Mimi niko kibandani nabadilisha vioo vya simu. Ufundi wa redio unazeeka pamoja na sisi tulioujua, na sijaona mahali pengine ambapo unaweza kupokewa na vijana wakiwa na hamu, isipokuwa kwenye meza ya klabu.

Wapo wanaoogopa. "Mtaitwa wapelelezi," mteja mmoja aliniambia. Namwelewa, na jibu langu ni kumwalika asikilize. Kwenye redio ya ridhaa hakuna mafumbo: ujumbe wa siri ni marufuku, biashara ni marufuku, na kila kituo kinataja alama yake kwa sauti. Anayetaka kujua Dodoma imesema nini afungue tu redio kwenye masafa yale. Serikali yenye orodha ya waendeshaji wenye leseni, wanaojulikana kwa jina na mahali, ina watu wa kuwategemea. Hatari iko kwa anayenunua mtambo mtandaoni na kurusha bila leseni, akaingilia mawasiliano ya ndege au ya polisi. Kijana huyo naye dawa yake ni klabu, ambapo atafundishwa mipaka kabla hajaivuka.

Kwa hiyo TCRA naiomba kwa heshima mambo mawili. Kwanza, maelezo ya leseni ya redio ya ridhaa, hatua kwa hatua na ada zake, yabandikwe kwa Kiswahili chepesi mahali ambapo mwanafunzi na fundi watayaona. Pili, mamlaka imekuwa ikihimiza klabu za kidijitali shuleni na vyuoni. Ndani ya klabu hizo iwekwe meza moja ya redio. Programu za kompyuta peke yake hazimwonyeshi mtoto kwamba mawasiliano ni kitu kinachosafiri hewani, kinachodhoofika, kinachopigwa na radi. Mtoto aliyevuta waya mwenyewe anayaona hayo.

Vyuo navyo viko mahali pazuri kuliko vinavyojua. Mwaka 2018 Qatar ilirusha setilaiti ya Es'hail-2, ambayo ndani yake mna njia maalumu ya waendesha redio wa ridhaa, QO-100, ya kwanza ya aina yake kukaa mahali pamoja angani juu ya ikweta. Inafunika Afrika nzima, Ulaya, Mashariki ya Kati na India. Imesimama nyuzi 26 mashariki, kwa hiyo ukiwa Dodoma dishi linaelekea karibu utosini, nyuzi 76 hivi kutoka usawa wa ardhi. Hakuna mlima wala ghorofa litakaloizuia. Kijana wetu wa madishi amefunga mamia ya madishi ya ving'amuzi. Dishi la kawaida na kichwa chake vinatosha kuisikia, akiongeza kifaa kidogo cha kupokelea kwenye kompyuta. Kituo cha anga za juu cha kimataifa nacho hupita juu yetu, na wanaanga wanapoongea na shule au kutuma picha kwa megahezi 145.800, redio ya mkononi inaweza kuwapata kwa dakika chache za mpito. Shule yoyote ya sekondari ya Dodoma ingeweza kusikiliza. Naomba walimu wa fizikia wasisubiri waraka.

Na wewe msomaji ambaye si mhandisi, usijitoe. Klabu inahitaji mwandishi wa kumbukumbu, mpishi wa chai, mwenye paa imara la kufungia waya, mtu mwenye sauti inayosikika vizuri kwenye mikwaruzo. Mama mmoja jirani alikuja kumfuata mwanawe akabaki, na sasa ndiye anayetuamuru kuzima chaja na taa za bei nafuu za nyumba nzima kabla hatujaanza, kwa sababu aligundua kabla yetu kwamba taa ya jikoni ndiyo iliyokuwa inatujazia kelele. Alfabeti ya Morse si lazima tena kimataifa tangu 2003, ingawa mzee wetu akiisikia huandika kwa penseli huku anaendelea kupiga soga, na vijana wawili wameshaanza kuifuatilia kwa hiari yao.

Anza kwa kusikiliza. Tafuta redio ya zamani yenye masafa mafupi, iliyotupwa stoo. Ikiwa imekufa ipeleke kwa fundi, mimi nitaifufua. Ifungie kipande cha waya, itoe nje ya nyumba wakati wa jioni, mbali na taa, uzungushe taratibu. Kisha njoo na maswali yako. Wanafunzi wa kike waje na mzazi au mwenzao, mlango wa ua unabaki wazi muda wote. Kuanzia Novemba mawingu yakianza kukusanyika upande wa Mlimwa tunachomoa waya wa antena na kuutoa nje kabisa, maana Dodoma mvua ni chache lakini radi zake hazitanii. Jioni za namna hiyo tunafanya zoezi la ukutani na hesabu za antena. Jumamosi zilizobaki, kuanzia saa kumi, mtambo unawaka.